Zamu Yangu Jikoni

Kwetu Mafia mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Ni utani, na hata mtoto anayenyonya anaujua: babu anamwita mjukuu "mke wangu mdogo", mjukuu anajidai kugombana na bibi kwa ajili ya mume asiye na meno, watu wanacheka, kahawa inanywewa, basi. Katika nyumba nyingi utani huo hauvuki kizingiti cha baraza. Kwetu uliingia mpaka jikoni, ukakaa juu ya mafiga, na masika iliyopita ukanitia mwiko mkononi.

Nyumbani tulikuwa watatu na paka. Mama yangu aliolewa Chole baada ya baba kufariki, akaniacha Miburani nimtekee bibi maji na niendelee na chuo. Chuoni nimefika mbali katika Kurani, na mbali zaidi katika bakora, kwa sababu mwalimu wetu ana tabia ya kupiga chafya kila akimaliza aya ndefu, na mimi nina tabia ya kuipiga kabla yake. Bibi alisema mkunga wangu alikosea, badala ya kunilambisha asali alinilambisha pilipili.

Babu alikuwa mkwezi. Ujana wake wote aliuacha juu ya minazi ya watu, na nyayo zake ziligeuka ngumu kama kumbi. Uzee ulipomshusha chini, masikio yake yalibaki kule juu. Nazi ikianguka shamba la jirani, yeye amejinyoosha kitandani, anakwambia: hiyo imekauka, au, hiyo panya ameshaitoboa. Nami nilikuwa nakimbia kwenda kutazama ili nimkute ameongopa. Sikuwahi kumkuta.

Na bibi alikuwa mpishi. Simaanishi wale wapishi wa harusi wenye majungu makubwa na midomo mikubwa zaidi. Bibi hakupika alichokitamani, alipika kilichofika. Masika ikija, uwanja wa nyuma unaota mchicha, naye anaushukuru kama kuna mtu kamletea zawadi kwa mkono. Mvua zikikatika, kunde. Kusi likichafua bahari na samaki wabichi wakiadimika, anateremsha ng'onda aliowakausha kwa jua la kaskazi, anawaroweka, anawatia ndimu, na nyumba inanuka mpaka majirani wanakumbuka kwamba siku nyingi hawajatusalimu. Ukimwambia una hamu ya embe wakati wa kusi, anakutazama kama umesema unataka kuolewa na Mdachi wa bomani.

"Embe lina mwezi wake," anasema. "Hata wewe una mwezi wako wa kunyamaza, ila sijauona ukiandama."

Hakutupa kitu. Maji aliyooshea mchele yalikwenda kwenye mchicha. Machicha ya nazi yalikuwa ya kuku, makumbi na vifuu vya moto, jivu la kusugulia vyungu, mifupa ya samaki ya paka. Kilichobaki nyumba nzima bila matumizi, alisema, ni maneno yangu.

Wali tulipika Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa siku ya vita. Babu hakuwa na jino la kuaminika, lakini ukoko wa wali wa nazi alikuwa radhi kuufia. Anaurowesha kwenye mchuzi, anaunyonya macho kayafumba. Mimi nilikuwa namsubiri ayafumbe, namwibia. "Mke gani huyu," alikuwa akilalamika, "hajanipikia hata siku moja, na ukoko ananila!" Bibi anajibu bila kugeuka: "Ulimtaka wewe. Mimi nilikwambia mmoja anatosha."

Halafu kulikuwa na limbuko, na hili nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililotaka kuniulia bibi. Zao jipya likiingia nyumbani, liwe boga la kwanza au kunde za kwanza, hakuna mkono unaoligusa mpaka mwenye nyumba alionje. Ndiko kulimbua. Babu alikuwa akichukua tonge, anatafuna pole pole, anakunja uso kama amelishwa sumu, anashika koo, sisi tunangoja na njaa zetu, mpaka bibi anamtishia upawa. Hapo anafumbua macho na kusema, "Mwaka umeingia." Ndipo tunakula. Kila zao, kila mwaka, mchezo ule ule, na upawa ule ule.

Basi, masika iliyopita kikohozi kilimjia babu kama mgeni wa siku mbili, kikatandika mkeka. Mwalimu akaja akamwandikia maji ya aya, akayanywa kwa heshima. Shangazi wa Ras Mkumbi akaleta mizizi ya kuchemsha, akainywa kwa matusi. Lakini chakula kilianza kurudi. Kwanza kilirudi nusu bakuli. Kisha bakuli likawa linarudi kama lilivyokwenda, kawa juu yake, na mvuke haujakwisha.

Bibi alipigana. Alimpikia uji wa mtama laini kama maziwa. Alimpikia mchuzi wa samaki changu kwa ukwaju, akamchambulia miba kwa vidole. Alimpikia majani machanga ya maboga, yale ya ncha tu, yaliyopondwa yakalainika, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yametoka wiki ile, na kwake yeye chakula kilichotoka wiki hiyo ndicho chenye nguvu.

"Kula, bwana."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu jana umemeza mate yako tu."

"Yalikuwa na chumvi ya kutosha."

Ungedhani bibi angecheka. Alifunika bakuli akatoka. Nami nikamwona anasimama penye mlango wa jikoni na lile bakuli mikononi, hajui aliweke wapi. Kwetu mume akikataa chungu cha mkewe hana haja ya kusema neno jingine. Watu wote wanaelewa. Wake wamerudi kwao kwa chungu kimoja kilichokataliwa. Mtu mwingine angesema mzee anaumwa. Bibi hakuona ugonjwa. Aliona chungu. Alikuwa amemlisha mtu yule tangu alipoletwa nyumbani pale na ukaya wa harusi kichwani, na sasa kaachwa na mtu ambaye hawezi hata kusimama aende zake.

Siku moja, baada ya adhuhuri, babu aliniita. Nikaingia na chafya ya mwalimu tayari puani, nimchekeshe. Bibi alikuwa kwenye mkeka pembeni, anachambua mchicha.

"Leo zamu ya nani?" babu akauliza.

"Zamu ya nini, babu?"

"Nina wake wawili. Mkubwa amepika miaka yote hii, mdogo analala na kula ukoko. Mimi si mume dhalimu. Leo zamu ya mke mdogo. Nitakula atakachopika yeye."

Nikacheka. Nikamtazama bibi ili tucheke pamoja. Bibi aliuweka chini mchicha, taratibu, jani kwa jani.

"Huyo hajui kuwasha moto," alisema.

"Atajua."

"Atakuua."

"Ataniua nani, njaa au yeye?"

Bibi akasimama, akajikung'uta majani, akanipita. "Haya, mke mwenzangu," akasema, na kwa mara ya kwanza neno lile halikuwa na mzaha ndani yake. "Jiko lile pale. Mwenye zamu haingiliwi." Akaenda kukaa uwanjani, mgongo kaipa nyumba.

Sasa nisikilize nilivyopika, maana ni jambo la kusikitisha. Moto niliuwasha kwa kuupuliza mpaka nikaona nyota mchana. Mchicha niliung'oa na mizizi, kwa sababu nilikuwa na haraka. Chumvi nilitia, nikasahau, nikatia. Lakini kituko kilikuwa nazi. Pembeni mwa jiko kulikuwa na rundo la nazi ambazo babu alizipanga mwenyewe kabla ya kulala kitandani, kavu huku, bado kule. Nikachagua iliyokuwa rahisi kufua. Ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa koroma.

Kwa asiyejua: dafu unakunywa, nazi unakuna, na koroma yuko katikati, nyama yake imeanza kuwa ngumu lakini mafuta hayajaingia. Ukimkuna anatoa uteleziteleza kama kamasi, na ukimkamua unapata maji yenye aibu. Mtoto yeyote wa Mafia anamjua koroma. Mimi nilikuwa mjukuu wa mkwezi, na nilimkuna mpaka kifuu kikang'aa, nikamkamua kwenye kifumbu, nikamwaga tui lile juu ya mchicha, na likakatika vipande vipande mbele ya macho yangu.

Nikampelekea. Nikanawisha mikono yake, nikamfunulia. Babu akatazama ndani ya bakuli kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kisima alichoambiwa kina jini. Akachukua tonge dogo la ugali, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Nilimwona akimeza, niliona koo lake jembamba likipanda na kushuka. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akacheka ndani ya kikohozi.

"Koroma!" alisema. "Yaa Rabi, mke wangu amenikunia koroma! Mimi! Nimepanda minazi miaka yote ile nije kulishwa koroma na mke wangu!"

"Si utamu wake, babu, ni mapenzi," nikasema.

"Mapenzi yako yamekatika, mke wangu. Yatazame yanavyoelea."

Tukacheka sote wawili. Nikageuka kumwita bibi aje asikie, na kupitia mlangoni nikamwona uwanjani, bado mgongo katupa. Alikuwa ameinama na upindo wa kanga mdomoni. Mumewe alikuwa amekula. Alikuwa amekula mchicha wenye mchanga na tui la koroma, akacheka, siku ile ile aliyorudisha changu wake aliyemchambulia miba.

Tangu siku hiyo zamu haikutoka kwangu. Nikirudi chuoni naingia jikoni, na babu ananifundisha kutoka kitandani. Aliniletesha nazi, akanigongesha kwa ukucha karibu na sikio lake, kisha karibu na langu. "Itikise. Maji yanacheza? Kavu. Yamejaa hayachezi? Iache inywe jua bado." Akaniambia mchicha haung'olewi, unakatwa juu ili utoe matawi, wiki ijayo ukute mwingine. Akaniambia nikiokota chaza wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, niwaache wadogo, maana bahari nayo ina jiko lake na haipendi kukombewa chungu.

Bibi hakunifundisha neno. Alikaa na paka mlangoni, akamfundisha paka.

"Paka," alikuwa akisema, "wewe ungekuwa mpishi, ungetia tui zito mwisho, moto umepungua, ukakoroga bila kuacha. Lakini wewe si mpishi, na mimi si zamu yangu. Nasema tu."

"Paka," nikajibu, "mwambie mke mkubwa sijamsikia, arudie."

"Paka, mke mwenzangu ana ulimi. Mwambie ulimi hauungi mchuzi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupika: nusu kwa mtu asiyeweza kusimama, nusu kwa paka. Ugali wangu ukaanza kushikana. Tui langu likaacha kukatika. Nikajua kupika kilichopo. Mvua ikinyesha wiki nzima na hakuna aliyekwenda pwani, nachuma matembele na kisamvu, navitafutia ng'onda mmoja wa kunukia. Jua likitoka, namfuata jirani anayerudi na mtego, nampa nazi, ananipa tasi. Chuoni niliingia siku moja na harufu ya moshi, mwalimu akapiga chafya bila kuigizwa.

Na kila siku bakuli la babu lilitoka tupu. Nilikuwa nalipitisha mbele ya bibi nikilipindua kidogo alione. Nilidhani najivuna kwa mzaha. Yeye alikuwa anakonda. Aliacha kuniita mke mwenzangu. Aliniita "wewe".

Boga la kwanza lilipotoka, lingali changa, nililipika kwa nazi kavu niliyoichagua kwa sikio langu. Ilikuwa limbuko. Nikampelekea babu, nikatoka kuchukua maji ya kunawa niliyokuwa nimeyasahau, nikarudi upesi kuliko alivyotarajia. Paka alikuwa juu ya kitanda. Babu alikuwa amemshikia bakuli kwa mikono miwili, naye paka amezamisha uso wote ndani ya boga.

Tukatazamana watatu.

"Babu," nikasema kwa sauti ya chini, "unampa paka chakula changu?"

"Analalamika?"

"Nani, paka?"

"Basi kama halalamiki, umeanza kujua kupika."

Sikucheka. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ndipo nikaona mkono wake jinsi ulivyo, na shingo, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nikiona bakuli tupu kila siku, na kila siku mtu amepungua. Paka ndiye aliyekuwa amenenepa.

"Tangu lini?"

"Tangu koroma. Tonge lile lilishuka. Mengine hayapiti, mke wangu. Njia imeziba. Si chako, si chake. Ningeweza kula kitu, ningekula changu wangu aliyechambuliwa miba."

"Basi mwambie! Bibi anadhani umemkataa!"

"Najua anavyodhani." Akapumzika kidogo. "Nikimwambia hakishuki, atajua nakwenda, aanze kulia leo. Sasa amenikasirikia. Mwache akasirike. Mwanamke mwenye hasira anasimama wima." Akamfuta paka mdomo kwa kidole. "Halafu atakaa eda. Jiko hataligusa. Nani atampikia? Wewe uliyenikunia koroma?"

Nikamshusha paka kitandani.

"Hii ni siri yangu na mke wangu mdogo," alisema. Kisha akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akapaza sauti hata uwanjani ikafika: "Mwaka umeingia!"

Bibi akasikia. Akaingia jikoni, akajipakulia boga lake, akala peke yake, akiutazama ukuta.

Babu alifariki kusi lilipoanza kuvuma na kunde zikiwa katika maua. Ilikuwa asubuhi, nikiwa nimeinjika uji. Uji ule ulifurika ukazima moto, na sikumbuki ni nani aliyeuepua.

Kwetu watani hawalii tu msibani. Mjukuu mtani anatazamiwa aseme kitu, azuie jeneza mlangoni, adai haki zake, watu wapate kupumua kidogo katikati ya kilio. Wanawake walinisukuma mbele. "Haya, mke mdogo, mumeo anaondoka. Mwambie, anakuachia nani?" Walinijua. Walingoja. Mwalimu naye alikuwa pale, na nina hakika alikwishajiandaa kwa chafya. Nikafungua mdomo. Mdomo huu ambao bakora zimeshindwa kuufunga tangu ningali juzuu ya kwanza haukutoa kitu. Jeneza likapita. Likapita jepesi, wachukuzi walikuwa wakilibeba kama wamebeba kitanda kitupu, na mimi nilijua kwa nini, na bibi alidhani anajua.

Matanga yalipokwisha na shangazi akarudi kwao Ras Mkumbi, tulibaki wawili na paka. Bibi aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, nguo moja, hatoki, wala kwa desturi ya nyumba yetu hashiki mwiko. Nikapika. Alikula matonge mawili ya kuwaridhisha waliokuja kumtazama. Wakitoka, anasukuma bakuli. Nilimpikia mtama wa mwaka jana, ng'onda wa kaskazi, vya zamani vilivyokuwamo ghalani. Vikawa vinarudi. Kawa juu, mvuke haujakwisha. Nikawa mimi sasa ninayesimama mlangoni mwa jiko na bakuli nisijue niliweke wapi.

"Kula, bibi."

"Alikula chako akaacha changu," alisema. "Mimi nile chako kwa sababu gani?"

Ghala likaisha. Kunde zikawa tayari. Nilizichuma zingali mbichi, maganda yakiwa yamejaa, zile ambazo bibi alizipanda kwa mkono wake mwanzo wa masika kabla babu hajaanza kukohoa. Nikazimenya, nikazichemsha kwa tui la pili, nikamalizia kwa zito, moto umepungua, bila kuacha kukoroga. Nikamwekea mbele yake. Hakuzitazama.

"Nani amelimbua?" aliuliza.

"Bibi..."

"Ni kunde mpya. Nani amelimbua? Mwenye nyumba yuko wapi? Ziondoe. Nyumba hii haina wa kulimbua tena, basi haina kipya cha kuliwa."

Aligeukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa ule ule wa uwanjani, ila sasa mifupa yake ilihesabika kupitia nguo. Cha zamani kimekwisha, kipya hali. Nilielewa vizuri kabisa anakwenda wapi. Babu alisema mwenye hasira anasimama wima. Hakusema atasimama kwa muda gani bila kula. Siri ile ilikuwa ya wawili, na mmoja alikuwa hayupo wa kuniruhusu.

"Boga ulilokula masika," nikasema, "alilimbua paka."

Nikaendelea kabla hajanikatiza.

"Lile boga la kwanza. Babu aliposema mwaka umeingia. Paka ndiye aliyekuwa na uso bakulini. Na mchicha, na tasi, na yale matembele. Vyote. Hakula changu, bibi. Alimeza tonge moja la koroma siku ya kwanza, basi. Hakikupita. Si changu, si chako. Alisema kingepita kitu, angekula changu wako wa ukwaju. Alisema tumwache mke mkubwa akasirike, asianze kulia mapema."

Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mwalimu akisoma khitma na pilau inanukia. Nilipomaliza niliogopa kupumua.

Bibi hakugeuka. Nikaona mabega yake yanatikisika, na sauti ikatoka ambayo sikuijua mara moja. Nikadhani analia. Kisha nikadhani anacheka. Nilikaribia nikamtazama usoni, na hata sasa siwezi kukwambia ilikuwa ipi. Alijiziba mdomo kwa upindo wa nguo, ukaloa.

"Alikufa na njaa," alisema. "Nami nimekaa uwanjani nimenuna."

"Alikufa na ugonjwa, bibi."

"Na wewe ulinipitishia bakuli tupu mbele ya macho."

"Ndiyo, bibi."

Nje kuku walikuwa wakigombania machicha. Kisha alinyoosha mkono, akaliburura lile bakuli la kunde kuja kwake, akamega tonge la ugali, akachovya. Hakutia mdomoni. Aliteremsha mkono mpaka chini, kwa paka.

Paka akanusa. Akala. Akajilamba mpaka masharubu.

"Amesemaje?" bibi akauliza, bila kunitazama.

"Amesema mwaka umeingia."

Akamega tonge la pili, akatia mdomoni mwake. Akatafuna pole pole, machozi yakimshukia mpaka kidevuni na kuingia kwenye chakula, hakuyafuta. Nikaona linashuka.

"Paka," alisema, "mwambie mke mwenzangu chumvi imezidi."

Haikuzidi. Nilizionja baadaye. Lakini nilisema, "Nimesikia," na nikakaa pale mpaka bakuli likaisha.

Ijumaa iliyofuata nilipika wali. Nilimpakulia bibi chumbani mwake, nikarudi jikoni kuparuza chungu. Ukoko ulitoka mzima, mwekundu, mzuri kuliko wowote aliowahi kuutoa bibi. Ulikuwa wangu wote. Niliushika mkononi nikakaa, kama mjinga, nikimsubiri mtu afumbe macho.